Njia Iliyopita Juu ya Kovu

Sss.

Ni sauti ndogo sana. Mtu akivuta pumzi katikati ya meno, haraka, kisha akaikata kama aliyejuta kuitoa. Nimesuka watoto waliolia mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini. Nimesuka mabibi harusi walioita mama zao wakati mama zao wamekaa palepale. Kelele zote hizo zimenipita. Ile sss ya Bi Riziki, niliyoisikia nikiwa msichana, ninayo mpaka leo. Chanuo langu la mti lilikuwa linapita juu ya sikio lake la kushoto, likagota mahali, naye akavuta pumzi hivyo. Halafu akasema, "Endelea, mwanangu. Hakuna kitu."

Nyie mnaosuka saluni siku hizi, huenda sauti kama hiyo hamuisikii. Redio inaimba, mashine ya kukaushia inavuma, mteja ana simu yake, na wewe una yako umeibana kwa bega. Sisi tulisukia uani. Mteja chini kwenye mkeka, msusi juu ya kigoda, kichwa cha mtu kimelala mapajani mwako. Mkao ule unakupa habari nyingi. Unajua kama mtu kalala au kakesha. Unajua ana mimba kabla hajamwambia mumewe. Kichwa kizito kina mawazo, na kichwa kinachozungukazunguka kina umbea, subiri tu utatoka.

Wajukuu zangu wawili ni wasusi, na ndio walionishika nikae niandike. Mitindo yenu siwezi kuwafundisha, hata majina yake siyawezi. Lakini kuna jambo moja la vichwa nalijua, nalo nitalisema kwa njia yangu, nikizunguka kidogo.

Nilianza kazi Ngamiani, Tanga, katika miaka ya hamsini. Mji ulikuwa umejaa watu, mkonge ukiwa mkonge kweli. Nilisoma mpaka darasa la nne, hesabu zikanishinda, nikatoka shule na ndoto badala ya cheti. Niliota chumba cha kusukia chenye kioo kirefu, mwanamke asimame ajione kuanzia utosini mpaka kidole cha mguu, aseme, "Kumbe mimi ni huyu!" Niliisimulia ndoto hiyo kwa kila aliyekaa mapajani mwangu. Wakinicheka, nacheka nao, naendelea kuota.

Aliyenifundisha ni Bi Mwantumu, mwembamba kama ukuti, kinywa chekundu kwa tambuu na kikali kwa maneno. Hakuwa ananisifu. Nikisuka vizuri, alikaa kimya. Nikisuka vibaya, mtaa mzima ulijua. Aliniambia siku ya kwanza, "Nywele si kazi. Nywele zinajisuka. Kazi ni njia."

Njia ni ule mstari wa ngozi unaobaki kati ya msuko na msuko. Ukiupasua umepinda, hata usuke vipi mtu ataonekana kama kalala shambani. Alinifanya nipasue njia kichwani kwa mdogo wangu, nifumue, nipasue tena, mpaka mtoto akawa akiniona na chanuo anapanda juu ya mnazi mfupi wa jirani. Nawapa siri yake: usitazame ncha ya chanuo. Tazama unakokwenda, kisogoni, mkono utafuata.

Na usikaze. Wasichana wanadhani kukaza ndiyo kudumu. Kuna bi harusi mmoja nilimkaza mpaka nyusi zikapanda na macho yakatoka. Alipofunuliwa mtandio, bwana harusi akarudi nyuma. Mama mtu akauliza, "Kaona nini mwanangu?" Shangazi akajibu, "Kamwona msusi." Bi Mwantumu alikicheka kisa kile kwa miezi, lakini alinifumulisha ususi mzima siku ileile, nikausuka upya huku wageni wanakula pilau nami naisikia harufu tu.

Somo lake la tatu lilikuwa kufunika. Mtu ana mapunye, ana kovu la jipu, ana mahali nywele zimegoma kuota. Wewe kazi yako ni kuhamisha njia. Unaisogeza pembeni kiasi cha unene wa punje ya mchele, unaazima nywele za jirani, unazilaza juu, hakuna atakayejua. Bi Mwantumu alikuwa bingwa wa hilo Tanga nzima. Wanawake walimjia kutoka Pongwe na Tongoni kwa ajili ya mkono huo. Na sharti lake lilikuwa moja: ulichokiona kichwani mwa mtu hukukiona.

Sasa Bi Riziki.

Alikuwa mtu mzima, wajukuu wamejaa, nywele zake nyeupe na laini kama sufi inayotoka kwenye msufi. Mtaani alikuwa somo, yule mama anayemfunda bi harusi mambo ya ndoa na kukaa naye siku ya harusi. Nusu ya wake wa Ngamiani walipita mikononi mwake. Mumewe, Mzee Kassimu, alikuwa mtu wa kuheshimiwa. Alikaa barazani kwake kila alasiri, kanzu safi, bakora imelazwa magotini, na watu waliogombana na wake zao walikwenda kwake awasuluhishe. Akizungumza polepole, kwa upole, unatamani naye awe babu yako.

Nilipogota pale juu ya sikio, niliona kovu jembamba, la zamani, limekwenda kama mfupa wa samaki. Pembeni yake palikuwa na uvimbe mbichi, na mahali pa upana wa kiganja cha mtoto pasipo na nywele. Nywele za pale hazikudondoka zenyewe. Zilivutwa.

"Bibi, umefanyaje hapa?"

"Niliteleza kisimani."

Nikahamisha njia, nikafunika. Tukiwa njiani kurudi kutoka kwa Bi Riziki nikamwambia mwalimu wangu:

"Bi Mwantumu, kile si cha kisimani."

"Kipi?"

"Kichwani kwa Bi Riziki."

"Yeye kasemaje?"

"Kateleza kisimani."

"Basi kateleza kisimani."

"Mwezi uliopita pia aliteleza. Kisima gani hicho kinampenda yeye tu?"

Alisimama katikati ya njia, akatema tambuu. "We Dija, ukimya wako unauzwa wapi nikakununulie? Yule bwana alianza kumpiga mkewe wakati mama yako hajavunja ungo. Unadhani wewe ndiye wa kwanza kuwa na macho?"

"Sasa kwa nini haondoki?"

"Aende wapi?" Hapo sauti yake ikashuka. "Msichana akipigwa anafunga kanga zake anarudi kwao. Mume atafuata na wazee wake, ataomba radhi, watasemezana. Mtu mzima anarudi kwao wapi? Baba yake kafa, kaka zake wote wamekufa. Kwao Bi Riziki ni Tongoni, na Tongoni kwao yamebaki makaburi. Aende akayagongee hodi?"

"Na mwanawe? Saidi si yuko bandarini?"

"Saidi kamwambia mamaye wazee hawaachani, watachekwa."

Hilo ndilo nataka mlishike. Watu hudhani kupigwa ni habari ya wasichana, ya wivu na damu moto. Wanaona mume akiota mvi, mkono nao unaota mvi. Kwa hiyo bibi hakuna anayemuuliza. Akichechemea, ni miguu ya uzee. Akiwa na jicho jekundu, ni ukungu wa uzee. Uzee unasingiziwa mengi ambayo haukuyafanya.

Baadaye kidogo yakaja maandalizi ya harusi ya Zuhura, mjukuu wa dada yake marehemu, na somo wa Zuhura alikuwa Bi Riziki mwenyewe. Asubuhi ya siku ya harusi Bi Mwantumu alikuwa anamsuka bi harusi, akanituma mimi kwa bibi. Barazani nikamkuta mzee.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Msuke vizuri bibi yako. Leo atatazamwa na watu." Akatabasamu. Nikaingia ndani.

Bi Riziki alikaa mkekani, hakufungua kanga ya kichwani. Nilipasha mafuta ya nazi, yakapata moto, yakapoa, nikapasha tena. Mwishowe akasema:

"Dija, jana nilikuwa namfunda Zuhura. Nikafika pale pa kumwambia mume akikasirika afanyeje. Maneno yale nimeyasema kwa watoto wa watu mpaka nayasema usingizini. Jana mdomo ukakataa."

"Kwa nini, bibi?"

"Mtoto kaniuliza. 'Bibi, babu akikasirika, wewe hufanyaje?' Ananitazama machoni, hana hata ubaya, anataka kujua tu."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia ngoja nikatazame chungu jikoni." Akacheka kidogo. "Hakukuwa na chungu."

Akafungua kanga. Uvimbe wa safari hii ulikuwa umekauka damu. Akanishika kidole cha shahada, akakiweka juu ya lile kovu la zamani.

"Nipasulie njia hapa."

"Hapa wapi, bibi?"

"Hapahapa. Anzia kwenye paji, pitisha juu yake, umalizie kisogoni. Lionekane lote. Na unisuke twende kilioni."

Kwa msiojua, twende kilioni ni msuko wa haraka, mistari mikubwa iliyolazwa nyuma, hauna urembo. Ni wa mtu aliyepata habari ya msiba, hana muda wa kujipamba.

"Twende kilioni harusini, bibi?"

"Ndiyo. Anayetaka kulia, alie."

"Bi Mwantumu ataniua."

"Mwambie nilikushika mkono. Si nimekushika?" Na kweli alikuwa bado hajakiachia kidole changu. "Mwanangu, nimewafunda wasichana kufunika miaka yote. Funika hiki, funika kile. Huyu Zuhura sitamfunda uongo. Kwa mdomo nimeshindwa. Nisaidie wewe kwa chanuo."

Nilikuwa msichana mwenye moyo mwepesi, nalia hata kuku akichinjwa. Siku ile sikulia. Nilikaza macho kisogoni kama nilivyofundishwa, nikashusha chanuo. Ilikuwa njia iliyonyooka kuliko zote nilizowahi kupasua. Ilipopita juu ya kovu, nikangoja ile sauti. Hakuitoa.

Alijifunika kanga na buibui, akapita barazani kichwa kiko juu. Mumewe akasema, "Umependeza?" Akajibu, "Utaambiwa."

Harusi ya wanawake ilikuwa alasiri, chumba kimejaa udi na asumini, mabuibui yametundikwa, ngoma inalia. Bi Riziki akaingia, akakaa upande wa kulia wa bi harusi kama somo anavyokaa, akavua kanga ya kichwani. Mpiga ngoma alikuwa anamtazama. Mikono ikamwishia hewani.

Mama aliyekaa jirani na Bi Riziki akamwinamia. "Shoga, leo umesukwa na nani? Njia imekwenda vibaya."

"Haikwenda vibaya. Imepita alipopiga Kassimu."

Nikasikia mafuta yanakaanga jikoni. Mama yake Zuhura akaja mbio. "Mama mdogo, leo? Mbele ya watu?"

"Sasa lini? Nikishaoshwa?"

Bi Mwantumu hakumtazama yeye. Alinitazama mimi, na kama macho yangekuwa na bakora ningelazwa. Nikajisogeza nyuma ya mama mmoja mnene.

Ndipo Bi Salama muuza vitumbua, mkubwa kwa umri kuliko wote mle ndani, akanyoosha mkono wake uliojaa bangili. Kidole kimoja kilikuwa kimepinda kwa pembeni. "Mimi hiki," akasema. "Nilisema nilijiponda na mchi wa kinu. Marehemu, Mungu amsamehe. Mimi bado najaribu." Mwingine akashika mbavu. "Mimi nilisema niliteleza kisimani." Na mwingine kule mlangoni, "Hata mimi kisimani!" Bi Salama akapiga kofi. "Jamani! Tanga nzima tumeteleza kisimani, na hakuna hata mmoja aliyerudi na maji!"

Wakacheka. Nyie, kicheko kile! Walicheka mpaka wakashikana mabega, mpaka wengine kikawageuka kikawa kilio, na ngoma ikaanza yenyewe. Zuhura, na hina yake mbichi mikononi, akamlalia bibi yake begani. Hakumuuliza tena swali. Aliolewa siku ile, nao wakakaa vizuri, lakini wifi yake aliniambia aliingia ndani kwa masharti, na sharti la kwanza alilisema mbele ya washenga.

Bi Riziki hakurudi kwake. Alilala kwa mama Zuhura, na asubuhi akasema anakwenda kwa Liwali, aliyeamua mashauri ya ndoa mjini, kudai talaka. Hapo ndipo mji ulipogawanyika. Saidi alikuja, jasho linamtoka.

"Mama, mimi nitauweka wapi uso wangu?"

"Palepale ulipouweka wakati napigwa."

"Baba kasema yameisha. Rudi."

"Kwake yameisha. Mkono umechoka tu, utapumzika utaanza."

Na sisi wasusi tukaonja yetu. Wanaume wa mtaa walisema tunachochea, kwamba tukishika vichwa vya wake zao tunatia maneno. Wateja wakakatika. Bi Mwantumu alikaa kwenye kigoda chake uani, hana kichwa cha kushika, akatafuna tambuu mpaka ulimi ukamchubuka.

"Umenifungia kazi, Dija."

"Bibi aliomba."

"Mteja akikuomba umnyoe na kichwa, utakikata?"

"Bi Mwantumu, kesho Liwali anataka mashahidi. Waliomwona na jeraha bichi ni wewe na mimi."

"Mimi sikuona kitu."

"Umesuka kichwa kile miaka mingapi?"

"Nimesema sikuona. Na wewe ukienda, usirudi hapa."

Nilikwenda. Niwaambieni kweli, niliogopa. Nilikuwa sina kazi nyingine, na ndoto yangu yote ilikuwa kwenye mkono wa yule mama. Lakini nilijiuliza: nikiwa na chumba changu chenye kioo, halafu Bi Riziki asimame mbele yake, nitamwambia atazame upande gani?

Asubuhi tulikuwa kundi la mabuibui tumejipanga nje ya baraza la Liwali, Bi Salama mbele na kapu la vitumbua, maana alisema kungoja serikali kunatia njaa. Liwali alikuwa mzee mwenye sauti ndogo. Alimtazama Mzee Kassimu kwa heshima, wakajuliana hali kama watu wanaoswali safu moja.

Mzee Kassimu akazungumza kwa ule upole wake. "Mke wangu kazeeka, bwana Liwali. Anaanguka ovyo. Mimi ndiye ninayemwokota."

Bi Riziki akasema, "Naanguka ovyo, kweli. Ila ukisafiri kwenda Moa kwa ndugu zako, nasimama wima mpaka utakaporudi."

Watu nyuma wakaguna. Liwali akaomba kimya, akasema wazee kama wao ni mfano kwa mji, warudi nyumbani, kila upande utoe msuluhishi.

"Msuluhishi wa mtaa wetu ndiye huyu," akasema Bi Riziki, akamwonyesha mumewe kwa kidevu. "Nikiwa na shauri naye, nampelekea yeye?"

Liwali akajikuna ndevu. Akauliza nani ameona. Nikasimama, nikasema jina langu na kazi yangu. Nikasema nimeona uvimbe, nimeona mahali nywele ziliponyofolewa, nimeona kovu, na siku ya harusi nimeona damu iliyokauka. Nikasema yeye aliniambia kisimani na mimi sikumwamini hata mara moja.

"Wewe ni mtoto," akasema Mzee Kassimu. "Umefundishwa cha kusema."

"Nimefundishwa kunyamaza, babu," nikasema. "Hiki nakisema mwenyewe."

"Yuko mwingine aliyeona jeraha likiwa bichi?" akauliza Liwali.

Bi Riziki akatazama chini. Nikajua kwa shahidi mmoja, tena msichana, atarudishwa kwenye nyumba ile, na safari hii hakutakuwa na harusi ya kumtoa.

Nyuma kabisa mtu akakohoa. Nilikijua kikohozi kile. Bi Mwantumu alikuwa amesimama mlangoni, buibui limefunika mpaka pua, kama aliyekuja kuuliza njia ya kwenda kwingine.

"Mimi," akasema. Akaja mbele. "Nimemsuka huyu tangu nywele zake nyeusi. Nimeona la bakora, nimeona la kuvutwa, nimeona na la kuchomwa na mafuta nyuma ya sikio. Nimehamisha njia kichwani mwake mpaka sijui ya asili ilikuwa wapi. Bwana Liwali, kama mkono wangu ni hodari, leo nausema: ulikuwa hodari kwa kumficha huyu." Akamwonyesha Mzee Kassimu. Kisha akageuka kwangu, akanong'ona, lakini yeye kunong'ona kwake mji mzima unasikia, "Na wewe simama wima, umepinda kama njia zako za mwanzo."

Liwali akasema, "Mashahidi wanawake ni hawa wawili?"

Bi Salama akainuka na kapu lake. "Bwana Liwali, tuko wote hawa tulioliona kovu harusini. Hata ukituhesabu nusunusu, tumezidi."

Nilimwona Liwali anauma mdomo asicheke. Halafu hakucheka. Alimwita Mzee Kassimu karibu, akamwambia, nasi tukasikia, kwamba mke huyu hatamrudisha kwake. Amtamkie talaka kwa ulimi wake, la sivyo ndoa ataivunja yeye. Mzee Kassimu akatazama nyuma. Hakuna mtu barazani aliyemwinulia macho. Akatamka, kwa sauti niliyoisikia kwa shida, akatoka.

Bi Riziki hakupiga kigelegele. Alikaa chini palepale kwenye sakafu ya serikali, akanyoosha miguu yake kama mtu aliyefika. Bi Salama akampa kitumbua.

Ningeweza kuwasimulia mengine. Wateja walirudi, kwanza mmoja mmoja kwa mlango wa nyuma. Kitana cha moto kikaja kutoka Mombasa, kile cha kuchoma mkaani, nikaunguza sikio la mke wa mwalimu. Bi Mwantumu hakuniomba radhi wala mimi sikumwomba. Siku moja alinisogezea kigoda chake akakaa mkekani, akasema, "Nisuke," na hakuwahi kusukwa na mtu. Kovu lake lilikuwa utosini. Yeye akasema, "Lipitie tu."

Lakini nimekuja kwenu na la kazi, nilimalize. Mkimsikia mteja akivuta pumzi hivyo, hasa mwenye mvi, msikimbilie kuhamisha njia. Simamisha mkono. Ngoja wengine watoke, muulize kwa sauti ya chini. Akikuambia kisimani, usibishane naye, mwambie: siku ukitaka kusema kingine, mimi nipo. Na siku hiyo ikifika uwe kweli upo, umeshajua kituoni kwa polisi utamkabidhi kwa nani, nani ana chumba, nani atalala naye. Usimwambie ameshazeeka, avumilie yaliyobaki. Hujui yamebaki mangapi. Bi Riziki yalimbakia mengi, na aliyaishi.

Eda yake Liwali alimruhusu akae kwa mama Zuhura. Ilipokwisha, tulimpatia chumba Chumbageni kwa Mama Agnesi, Msambaa wa milimani, mjane, Mlutheri, aliyesema, "Yeye aswali, mimi niimbe, panya watachagua dini." Siku moja kabla hajahamia nilikwenda peke yangu kufagia. Chumba kilikuwa kidogo na kizuri, dirisha linaingiza upepo. Nikautazama mlango. Nje ulikuwa na pete ya kutia kufuli, ya mtu anayetoka. Ndani haukuwa na kitu.

Nikatoka, nikarudi na komeo la chuma na misumari. Nyundo sikuwa nayo, nikaokota jiwe. Nilijigonga kidole, mara nikasema maneno ambayo bahati nzuri Mama Agnesi hakuyasikia, alikuwa kanisani. Nikapigilia komeo kwa ndani, chini kidogo, mahali ambapo mkono wa bibi mfupi ungefika bila kunyanyuka. Nikajifungia humo. Nikalishika kwa mikono yote miwili, nikavuta kwa nguvu zangu zote, mguu nimeutia ukutani. Halikutoka. Nikafungua, nikazoa vumbi la mbao lililodondoka, nikaenda zangu.